Pepo, jini na kifafa: tunayoyachanganya kwenye kesha

Mtoto wa jirani yetu hapa Busia, upande wa Uganda, alianguka katikati ya kesha. Kinanda kinalia, watu wamefumba macho, mara kishindo: kiti cha plastiki kimepinduka, mtoto yuko chini, mikono imekakamaa, povu mdomoni. Vijana wanne wakamkalia. Wa tano akashika kipaza sauti, akamwamuru pepo ataje jina lake. Shangazi yake alipotaka kusogea alizuiwa, asije pepo akamrukia na yeye. Baada ya kama dakika mbili mtoto akatulia, akalala fofofo, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Juma lililofuata akaanguka tena, safari hii kando ya sigiri. Kovu la mkononi analo hadi leo.

Ndipo nikaanza kuuliza: haya tunayoyasema kuhusu mapepo yametoka wapi? Mengi hayakutoka kwenye Biblia tunayoishika mkononi.

"Kifafa ni pepo." Anayesema hivi ana mstari wake, nao upo kweli: Mathayo 17, kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, Yesu akamkemea pepo. Lakini Mathayo huyohuyo, katika 4:24, anapowataja walioletwa kuponywa, anataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha waliopooza. Angeona ni kitu kimoja asingewataja mara mbili. Nayo Injili ya Yohana, tangu mwanzo hadi mwisho, haina kisa hata kimoja cha Yesu kumtoa mtu pepo. Ina kipofu wa sura ya 9, ambaye wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyompofusha, wakaambiwa si yake wala si ya wazazi wake.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Huweza kuanzia kwenye uzazi mgumu, kuumia kichwa, malaria iliyopanda kichwani, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia kwenye ubongo. Mate ya mgonjwa hayaambukizi. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni wala kumkalia. Degedege likipita dakika 5, mkimbize hospitali. Kule ukumbini lilikoma lenyewe, kama yanavyokoma mengi, na usingizi ule mzito ni kawaida yake. Sisi tukauita ushindi.

Kaskazini mwa Uganda, wilaya za Kitgum na Pader, wazazi waliona watoto wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, hasa chakula kikiwekwa mbele yao. Wengi waliwaza roho za waliouawa vitani. Uchunguzi umeuhusisha ugonjwa huo na minyoo inayosambazwa na usubi, yule nzi mdogo wa mitoni aletaye pia upofu, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa njia gani hasa. Mwaka 2012 serikali ilifungua vituo vya kuwatibu, na dawa walizopewa ni zilezile za kifafa. Mtoto wa jirani yetu naye anameza vidonge kila jioni. Shangazi yake humwombea kwanza, halafu anampa maji.

"Jini na pepo ni kitu kimoja." Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Jini tumempata kwa Waislamu, na katika sura ya 72 ya Kurani wako majini waliosikia Kurani wakaamini. Pepo mchafu wa Injili hana mwenzake mwema. Na pepo hilohilo ndilo jina la mahali pema tunakotaka kwenda wote!

"Mapepo ni roho za wafu." Walokole wengi hutia mizimu, balubaale (miungu ya jadi ya Buganda) na mapepo katika kapu moja. Mapokeo ya kanisa yalishika njia nyingine: mapepo ni malaika walioasi. Mtaguso wa nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulitamka kwamba Mungu aliwaumba wema, wakawa waovu kwa kutaka kwao. Kwa hiyo pia Shetani si mungu wa pili wa kupimana ubavu na wa kwanza. Pembe na mkia ni kazi ya wachoraji. Wala Shetani hana kiti cha enzi jehanamu. Mathayo 25:41 inasema moto ule uliwekwa kwa ajili yake.

"Pepo hutoka kwa kelele, na kila mtu anaweza kumtoa." Katika Marko 1 Yesu anasema maneno machache tu, basi. Matendo 19 ina wana saba wa Skewa waliojaribu kutoa pepo kwa jina la Yesu, jina lisilo lao. Walikimbia uchi, wamejeruhiwa. Makanisa makongwe yaliliogopa jambo hili kuliko sisi. Waanglikana wa Uingereza waliwakataza makasisi wao mwaka 1604 kutoa pepo bila kibali cha askofu. Kwa Wakatoliki, kanuni namba 1172 ya sheria za kanisa inadai kibali hichohicho, na utaratibu mpya uliotolewa mwaka 1999 unamtaka padri asiwe mwepesi wa kuamini kwamba mgonjwa ana pepo. Kwetu kibali ni kipaza sauti.

"Lusifa ndilo jina la Shetani." Isaya 14 inamsema mfalme wa Babeli, sura yenyewe inamtaja katika mstari wa 4. Kiebrania kinamwita nyota ya alfajiri, tafsiri ya Kilatini ikaandika *lucifer*, mleta nuru, na wasomaji wa baadaye wakalifanya jina la adui. Kilatini kinatumia neno hilohilo katika 2 Petro 1:19 kwa nyota inayochomoza mioyoni mwa waumini. Katika karne ya 4 kisiwa cha Sardinia kilikuwa na askofu aliyeitwa Lusifa, na alikuwa mtetezi mkali wa imani ya Mtaguso wa Nikea, kwamba Kristo ni Mungu kweli. Angepita kwenye makesha yetu, sijui kama angemaliza kujitambulisha.