Mita inasema 1.2, na ripita bado inakoroma

Simu nyingine, maneno yaleyale: "Shikamoo fundi, koneka ni nzima, SWR ni 1.2." Marahaba. SWR ni kipimo cha nguvu zinazorudi badala ya kutoka kwenye antena, na 1 ndiyo safi kabisa. Lakini koneka, kile kiungo cha kebo na antena, ni nzima vipi, wakati ripita, redio inayopokea ishara na kuirusha upya, inakoroma kila upepo ukivuma?

Mita uliyoiweka chini haioni antena. Inaona nguvu zilizorudi. Kebo ikishakunywa maji kupitia koneka, inazimeza zikipanda, inazimeza tena zikishuka. Chukua kebo inayopoteza desibeli 10 kwa safari moja, yaani inabakiza sehemu moja ya kumi ya nguvu, kaing'oe antena kabisa kule juu, kisha soma mita: karibu 1.2. Bila antena! Kwa hiyo ikiwa mwaka jana ilisoma 1.5, leo inasoma 1.2 na hakuna aliyegusa kitu, usishangilie. Panda mnara.

Tena ripita inasema na kusikiliza kwa wakati mmoja kwenye antena moja. Kwenye bendi ya mita 2 (huo ni urefu wa wimbi) masafa hayo mawili yanaachana kwa kilohezi 600 tu. Kutu kidogo ambayo redio yako ya nyumbani ingeivumilia, hapa inazaa makelele yanayoingia moja kwa moja kwenye risiva, sehemu ya kupokea. Mtu wa Tukuyu mwenye ishara dhaifu anafunikwa, halafu tunamwambia achaji betri.

Kupima ni rahisi. Toa kebo kwenye dupleksa, kichujio kinachotenganisha kurusha na kupokea, weka mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena. Makelele yakiisha, ubaya uko mbele, kwenye kebo, koneka au antena. Rudisha kebo, peleka mzigo juu mahali pa antena.

"Lakini nilizungushia soloteipu." Hapo ndipo ninapochoka! Maji hayangoji mvua za Novemba. Mchana jua linaichoma koneka, hewa inatanuka na kutoka. Usiku, kwa baridi yetu hii ya Mbeya, inavutwa ndani pamoja na unyevu wake, kisha inakuwa matone. PL-259, koneka ya kawaida, haikuundwa kuzuia maji. Juu natumia koneka ya aina ya N yenye mpira wake, kisha utepe wa mpira unaojishika wenyewe, nikiuzungusha kutoka chini kwenda juu ili upishane kama bati za paa. Silikoni inayonuka siki waachie mafundi madirisha, inakula shaba.

Nikiri: nimewahi kupasua koneka zilizosababisha makelele nikazikuta zinang'aa, wala sikuona kosa. Nilizibadili, makelele yakaisha. Ila kebo nyeusi ndani sifungi koneka mpya juu yake. Maji hupanda kwenye nyuzi za shaba ndani ya kebo kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, hivyo naendelea kukata hadi nione shaba nyekundu.