Ufunguo wa akiba wa gari la Japani: yanayosemwa na ukweli wake

Magari mengi yaliyotumika hushushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na ufunguo mmoja tu. Mwenye gari akitaka wa pili, ushauri huwa mwingi, na sehemu kubwa yake si sahihi.

"Ukishachongewa ufunguo, kazi imekwisha."
Ufunguo usio na chipu utafungua mlango na kuzungusha swichi, basi. Kwenye gari lenye immobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia wizi usioruhusu injini kuwaka bila ufunguo uliosajiliwa, ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu inayosomwa na antena iliyozunguka silinda ya swichi. Kompyuta isipoitambua, inanyima injini mafuta au moto wa plagi. Toyota nyingi zitapiga stata kama kawaida lakini haziwaki. Volkswagen huwaka sekunde moja au mbili kisha huzima. Hapo ndipo watu huanza kubadilisha plagi na pampu ya mafuta bure.

Si kila gari la Japani lina immobilaiza, hasa ya zamani. Kujua ni rahisi: funga kichwa chote cha ufunguo kwa foili ya jikoni, mikunjo kadhaa, kisha jaribu kuwasha. Likigoma, na foili ikitolewa likawaka, unahitaji ufunguo wa chipu.

"Betri ya rimoti ikiisha, gari haliwaki."
Chipu haina betri. Hupata umeme kutoka kwenye ile antena. Betri ni ya vitufe vya milango na, kwenye gari la kuwashwa kwa kitufe, ya kuifanya rimoti itambulike ikiwa mfukoni. Kwenye Toyota ya kuwashwa kwa kitufe, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, na ukisikia mlio, bonyeza. Mlango utaufungua kwa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti hiyo hiyo.

"Rimoti yoyote inayofanana itafaa."
Umbo halisemi kitu. Rimoti za Japani hutumia masafa ya karibu MHz 315, za Ulaya 433, kwa hiyo ya gari lililotoka Uingereza haitasikika kwenye gari la Japani. Chipu nazo hutofautiana: Toyota peke yake imetumia aina zinazoitwa 4C, 4D, G na H. Fundi asome kwanza chipu ya ufunguo wako kwa kifaa ndipo anunue nyingine. Rimoti iliyokwisha kusajiliwa kwenye gari jingine mara nyingi hukataa mpaka ifunguliwe kwa mashine.

"Chomoa betri ya gari, immobilaiza itajifuta."
Haijifuti. Orodha ya funguo hukaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme.

"Nitatengeneza nikipoteza huu."
Hapa ndipo pesa hupotea. Ukiwa na ufunguo mkuu unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni suala la dakika kwa mashine. Ukikosa wote, gari livutwe au fundi akufuate lilipo, kitasa kitolewe na kufumuliwa ili kupata mchongo wa ufunguo, na pengine kasha la immobilaiza litolewe ili kumbukumbu isomwe moja kwa moja. Angalizo: kwenye baadhi ya Toyota, ufunguo wa kijivu wa wahudumu wa maegesho huwasha gari lakini hauwezi kusajili mwingine.

Nenda na gari lenyewe, funguo zote ulizonazo, kitambulisho na kadi ya gari. Kama una kibati chenye namba ya ufunguo, mchongo ufuate namba hiyo. Kunakili ufunguo uliolika ni kunakili na ulikaji wake. Betri ya gari ikiwa dhaifu usajili unaweza kukatika katikati, hivyo fundi mzuri huunganisha chaja kwanza.

Kabla ya kulipa, washa injini kwa kila ufunguo, ule wa zamani ukiwemo, na uiache inguruma dakika chache. Jaribu milango yote na buti. Kisha mwambie fundi akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa: ikizidi ulizonazo mkononi, afute zote na kusajili upya zako tu.