Pai ya nyama kwenye joto la Dar

Pai nyingi za nyumbani huwa zimeshaharibika kabla hazijaona moto. Ama mafuta yameyeyukia kwenye unga wakati wa kufikicha, ama nyama imefungwa ingali ya moto. Kwenye mji ambao majarini ikiachwa mezani asubuhi hukutwa imelegea kabla ya adhuhuri, hayo mawili ndiyo ya kusimamia. Mengine ni mepesi, na aliyezoea kufunga sambusa hatapata tabu.

Vipimo vyangu vinatoa pai 12 hivi za kukunja. Unga wa ngano mweupe nusu kilo, yaani vikombe vinne. Majarini au siagi gramu 250. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Maji ya barafu mililita 100 hadi 130. Kwa ndani: nyama ya kusaga nusu kilo, viazi mviringo viwili vya wastani, karoti moja, vitunguu maji viwili, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga kijiko cha chai, bizari nyembamba ya kusaga nusu kijiko cha chai, na chumvi. Weka yai moja pembeni la kupaka juu.

Anza na nyama, maana ndiyo inayohitaji muda wa kupoa. Buchani chagua kipande cha steki wakusagie hapo hapo, kwa sababu nyama iliyosagwa zamani huwa imechanganywa na mafuta mengi. Ikishasagwa usiioshe: inabeba maji, na maji hayo utakuja kuyakuta chini ya pai. Kama roho haitulii bila kuosha nyama, chukua kipande kizima, kioshe nyumbani, kifute kikauke, kisha ukikatekate kwa kisu vipande vidogo sana. Ni kazi zaidi, lakini kwangu hiyo ndiyo pai tamu kuliko zote.

Bandika sufuria pana kwenye moto mkali, tia nyama bila mafuta, uivunjevunje kwa mwiko. Itatoa maji yake na kuanza kutokota. Usiharakishe viungo hapo. Subiri mpaka sauti ibadilike, kutokota kuishe na uisikie ikikaangika kwa mafuta yake yenyewe, huku baadhi ya chembe zikianza kuwa za kahawia. Sasa tia vitunguu, kisha saumu na tangawizi, bizari na pilipili manga, halafu viazi na karoti ulivyokata vidogo, visizidi sentimita moja. Nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, geuza kwa dakika moja, ongeza maji nusu kikombe na chumvi, funika moto mdogo hadi viazi viive. Unga huo mdogo ndio unaoshika mchuzi usitiririke. Kipimo chake ni hiki: pitisha mwiko katikati ya sufuria, njia ikibaki wazi bila mchuzi kuifukia, epua. Mwaga kwenye sinia uitandaze ipoe haraka, bila kufunika, kwa sababu mvuke unaogonga mfuniko hurudi kuwa maji. Ikishapoa, iweke kwenye friji.

Unga wa pai haukandwi. Huu ndio ugumu kwa mikono iliyozoea chapati, ambako tunakanda makusudi ili unga uvutike. Ngano ikikutana na maji na kukandwa hutengeneza gluteni, nyuzi zinazovutana. Kwenye pai nyuzi hizo huleta ganda gumu linalosinyaa motoni. Mafuta kazi yake ni kuzifunika chembe za unga zisinywe maji mengi. Yakiwa ya baridi hubaki vipande vipande, na motoni kila kipande kikiyeyuka huacha uwazi, mvuke ukapita, ganda likawa na tabaka. Yakiyeyuka mapema, unga unayanywa yote, na unapata kitu kizito chenye kung'aa mafuta.

Kwa hiyo katakata majarini, iweke friza dakika 20, na bakuli lenye unga liingie kwenye friji. Majarini ya kupaka mkate ni laini mno. Kama ndiyo uliyonayo, igandishe kabisa halafu uikwangue kwa kikwangulio cha karoti moja kwa moja juu ya unga. Fikicha kwa ncha za vidole, kwani kiganja kina joto. Acha mara unapoona chenga, nyingine zikiwa kubwa kama punje za mbaazi. Tia maji ya barafu kijiko kimoja kimoja. Siku zenye unyevu mwingi, kama wakati wa masika, mililita 100 huenda zikatosha. Bana chenga mkononi: zikishikana bila kunata, acha kumimina. Kusanya donge, libonyeze liwe bapa, lifunike, likae friji nusu saa.

Sukuma unene wa milimita tatu hadi nne, kata duara kwa kisahani cha sentimita 14. Weka vijiko viwili vya nyama, lowesha ukingo kwa maji, kunja, bana kwa uma, na toboa tundu moja juu. Bila tundu, mvuke utajitafutia njia kwenye ukingo na mchuzi utaufuata. Rudisha kwenye friji dakika 15, kisha paka yai. Oka nyuzi 200 kwa dakika 15, shusha hadi 180 kwa dakika 12 hadi 15. Oveni iwe imeshapata moto; ikiwa ya uvuguvugu, mafuta yatachuruzika kabla ganda halijakaza. Oveni ndogo ya wati 1,500 ikiwaka dakika 45 haili zaidi ya uniti moja na ushee ya LUKU.

Wa jiko la mkaa, tandaza mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa nzito, ipashe moto dakika 15 ikiwa imefunikwa, weka trei ya pai juu ya mchanga, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo chini kutaungua na juu kubaki kweupe.

Ukitaka kukaanga, punguza majarini hadi gramu 100, kwani unga huu wenye mafuta mengi utamomonyokea karaini.

Pai zilizoiva zisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Januari saa moja. Za akiba zigandishe mbichi, kabla ya kupaka yai. Siku ya kuoka usiziyeyushe: zipake yai zikiwa zimeganda, ziingie kwenye oveni, uongeze dakika nane hadi kumi.