Kuandika hadithi ya shabiki kuhusu adui wa tamthilia ambayo bado inarushwa

Tamthilia ikishakwisha, anayetaka kuiandikia hadithi ya shabiki, yaani hadithi yake mwenyewe yenye wahusika wa tamthilia hiyo, anajua kila kitu kuhusu mhusika wake. Ikiwa bado inarushwa, hali ni tofauti, na ugumu unaongezeka ukimchagua adui badala ya steringi. Mambo ya nyuma ya adui ndiyo watunzi huyaficha kwa muda mrefu kuliko yote, na wanaweza kuyafichua wiki ijayo wakati wewe uko sura ya nne.

Tumchukue Spike, vampaya wa tamthilia ya Marekani Buffy the Vampire Slayer, inayomhusu Buffy, msichana anayewinda vampaya, iliyorushwa kuanzia Machi 1997 hadi Mei 2003. Spike aliingia katika sehemu ya 3 ya msimu wa pili, Septemba 1997. Katika sehemu hiyo Giles, mtunza maktaba anayemfunza Buffy, alisema adui huyo ana umri wa miaka kama 200. Spike naye alimtaja Angel, vampaya mwenye roho anayependana na Buffy, kuwa ndiye aliyemgeuza vampaya. Ilipofika Novemba 2000, msimu wa tano, watazamaji walionyeshwa London ya mwaka 1880: kijana mpole aitwaye William, mtunga mashairi mabovu anayechekwa na wenzake kwenye hafla, anageuzwa na Drusilla, vampaya ambaye ndiye mpenzi wake. Hadithi zilizokuwa zimejengwa juu ya maneno ya 1997 zikapitwa usiku mmoja.

Kilichosemwa na mhusika hakina uzito sawa na kilichoonyeshwa. Wahusika husema uongo, hujisifu, au husoma vitabu vyenye makosa, na watunzi wanajua wanaweza kuyageuza maneno hayo baadaye bila kumkosea mtazamaji. Kwa hiyo kabla ya kuandika, chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza ni ya mambo yaliyoonekana kwa macho, ya pili ni ya yaliyosemwa, na andika nani alisema na alikuwa na sababu gani ya kusema. Ya tatu ni ya yale mashabiki wanayoyaamini tu. Kila mstari uwekee namba ya msimu na ya sehemu. Safu ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi: dhana ikirudiwa na mashabiki kwa miezi sita, watu husahau kwamba haijawahi kutokea kwenye skrini.

Kisha tafuta pengo. Asili ya adui, wazazi wake, kifo chake na toba yake ni mambo ambayo watunzi watayagusa bila shaka, kwa hiyo kama wewe ni mgeni wa kazi hii usianzie huko. Pengo zuri ni dogo na limezungukwa na mambo yaliyokwisha kuonyeshwa. Katika msimu huohuo wa pili Spike anaumia na kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Angel anapoteza roho yake, anarudi kuwa katili, anaishi nyumba moja na Spike na Drusilla, anamdhihaki Spike na kumshikashika Drusilla mbele yake. Mwishoni mwa sehemu ya 19 wenzake wanatoka, na Spike anainuka kitini kwa miguu yake mwenyewe. Hatukuonyeshwa alianza lini kuweza kusimama.

Hapo pana hadithi nzima ya maneno 1,500 hadi 2,500: usiku mmoja, chumba kimoja, mtu mmoja. Anashika ukingo wa meza gani? Goti linapomsaliti, anarudije kitini kabla mlango haujafunguliwa? Kesho yake dhihaka zinapoanza, anaufichaje uso wake? Hadithi kama hiyo haidai lolote kuhusu alikotoka wala anakokwenda, inakaa na sababu ya matendo yake tu. Ndiyo maana ingebaki salama Mei 1998, Spike aliposhirikiana na Buffy dhidi ya Angel, kwa kuwa kinyongo chake kwa Angel kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma.

Kosa jingine kubwa ni kumsafisha. Mwandishi humpenda adui, kisha humwondolea makosa moja baada ya jingine mpaka anabaki kijana mzuri aliyeonewa. Tunashauri kila hadithi ibaki na mtu angalau mmoja aliyeumizwa naye, mwenye jina na sauti, na asilazimishwe kusamehe ili hadithi iishe vizuri. Adui anaweza kumuuguza mpenzi wake kwa huruma ya kweli na usiku huohuo akaua. Spike wa msimu wa pili alikuwa hivyo hasa.

Juu kabisa ya hadithi andika inapoanzia, kwa mfano: "Baada ya msimu wa 2, sehemu ya 18." Mstari huo unamwonya ambaye hajafika hapo, na unailinda kazi yako sehemu mpya ikikupinga. Ukipitwa katikati, malizia ulivyopanga na uongeze maelezo kwamba hadithi imeachana na tamthilia. Usirudi kubadilisha sura ambazo watu wamekwisha kuzisoma, maana utazivunja hadithi zote mbili, ya zamani na mpya. Hadithi ndefu iandike wakati wa mapumziko kati ya misimu. Tamthilia nyingi za vituo vikubwa vya Marekani hurushwa Septemba hadi Mei, kwa hiyo una takriban miezi mitatu.

Kuhusu sheria, Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa. Kuandika "wahusika si wangu" ni uungwana lakini si kibali. Wenye haki wengi huziacha hadithi zisizouzwa, ila fedha hubadilisha mambo. Watengenezaji wa Axanar, filamu ya mashabiki wa Star Trek, walichangisha zaidi ya dola milioni 1 na wakashtakiwa Desemba 2015. Kwa hiyo usiuze, usichangishe, na usinakili mazungumzo marefu kutoka kwenye skrini.

Usiwatumie watunzi wa tamthilia hadithi yako pia. Wengi hukataa kuzisoma, kwa sababu wakija kuandika jambo linalofanana na lako wanaweza kudaiwa kwamba wameiba. Na mwigizaji aliyevaa uhusika wa adui mwache na maisha yake, unayemwandika ni mhusika.