Nyumba yenye mwanga na kijani Arusha na Moshi huanza kabla ya kuchimba msingi

Katika viwanja vingi vinavyojengwa sasa pembezoni mwa Arusha na Moshi, kuanzia Njiro na Moshono hadi Rau na Kiboriloni, uamuzi mkubwa kuliko yote kuhusu nyumba hufanywa na barabara: mlango mkubwa huelekezwa getini, vyumba hupangwa kuufuata, na jua huachiwa liingie popote litakapopenya. Ndiyo maana tunakuta chumba cha kulala kinachochemka saa kumi jioni na jiko linalowashwa taa saa nne asubuhi, katika mikoa ambayo haina upungufu wa mwanga wala wa mimea. Mwenye nyumba hulipia kasoro hizo kwa umeme mwezi baada ya mwezi, ilhali kuziepuka wakati ramani bado iko mezani hakumgharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

Miji hii miwili iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katika mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni huwa limesogea upande wa kaskazini, na hata linapofika juu kabisa, yapata saa sita na nusu mchana, huwa limeinama takriban nyuzi 27 kutoka utosini. Mwezi Desemba huinama upande wa kusini kwa takriban nyuzi 20. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba kuta zinazotazama kaskazini na kusini hupigwa na jua la juu, ambalo ni rahisi kulizuia: upenu uliotokeza sentimita 60 hutia kivuli cha takriban mita 1.2 kwenye ukuta wa kaskazini mchana wa Juni, na zaidi ya mita 1.5 kwenye ukuta wa kusini mchana wa Desemba. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, ambalo hupita chini ya upenu wowote na kufika hadi kitandani. Nyumba iliyolala kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha mengi kaskazini na kusini, imeshamaliza sehemu kubwa ya kazi kabla tofali la kwanza halijapangwa.

Hata hivyo, Arusha si Moshi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nayo Moshi iko chini yake kwa karibu mita 500, na tofauti hiyo huisikia kila anayesafiri kati ya miji hii. Kwa anayejenga Arusha, ambako Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu, dirisha la mashariki kwenye chumba cha kulala au jikoni ni neema, kwa kuwa jua la asubuhi hupasha chumba moto bila gharama. Kwa anayejenga Moshi, hofu yake iwe ukuta wa magharibi, hasa katika joto la Januari hadi Machi. Upande huo aupe stoo, bafu au baraza pana lenye kivuli, asiupe sebule. Jambo moja linafanana kote: Meru iko kaskazini mwa Arusha, na Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi, hivyo dirisha kubwa la kutazama mlima huangukia upande ule ule ambao upenu unaweza kuulinda.

Kuhusu madirisha yenyewe, watu wengi huongeza upana wakati kinachohitajika ni kimo. Mwanga wa mchana hupenya ndani ya chumba kwa umbali wa takriban mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi ncha ya juu ya dirisha, kwa hiyo kupandisha linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, kutoka mita 2.1 hadi 2.4 huongeza zaidi ya nusu mita ya sakafu inayoonekana vizuri bila taa. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili hupata mwanga uliotulia na upepo unaopita, mradi madirisha hayo yafunguke. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu ya upana wake, na hilo lihesabiwe mapema. Vioo vyeusi, vinavyopendwa sana kwa sasa, huondoa mwanga ambao mwenye nyumba ameulipia dirisha ili aupate. Mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga yanafaa kwenye korido, si juu ya chumba cha kukaa, kwa sababu huingiza joto la utosini moja kwa moja.

Kwa upande wa mimea, hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Kihamba cha Wachaga, yaani shamba linalozunguka nyumba, kimepangwa kwa ngazi: miti mirefu kama mruka na mringaringa juu, migomba na kahawa katikati, mboga na viazi chini, na kila ngazi hupata mwanga unaoitosha. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo katika kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa. Kiwanja cha mjini ni kidogo mno kwa kihamba kamili, lakini mpango wake unahamishika. Mti mrefu upandwe magharibi, ambako upenu umeshindwa kazi, na matawi yake ya chini yapogolewe ili upepo upite; kaskazini, mbele ya dirisha la mlima, pawe na mimea mifupi; mpakani masale yachukue nafasi ya sehemu ya ukuta wa tofali. Ushauri wetu ni kwamba mti utakaokuwa mkubwa usiwe karibu na msingi wala karo la maji machafu kwa chini ya nusu ya kimo utakachofikia. Mkaratusi haufai kabisa katika kiwanja cha nyumba, kwa sababu hunywa maji mengi na kuidhoofisha mimea iliyo jirani nao.

Tunasikitishwa na desturi inayoenea ya kufunika ua mzima kwa pevingi. Zege hilo hukusanya joto mchana na kulirudisha ndani ya madirisha jioni, na maji ya mvua yaliyopaswa kunywesha mizizi hukimbilia barabarani. Pevingi ziishie kwenye njia ya gari na ya miguu. Paa la mita za mraba 100 hukusanya hadi lita 100 kwa kila milimita 1 ya mvua, hivyo mvua moja nzuri ya masika yenye milimita 20 yaweza kujaza tangi la lita 2,000, na gata zikiwa safi, maji hayo hutunza bustani siku nyingi za kiangazi. Kwa wakazi wa maeneo ya Arusha yenye floraidi nyingi (madini yanayoharibu meno yakizidi) katika visima na chemchemi, kutokana na miamba ya volkano, maji ya mvua yana faida ya ziada, kwa kuwa floraidi yake ni ndogo sana. Yakikusudiwa kunywewa, maji ya kwanza yanayoosha paa yamwagwe na yanayobaki yachemshwe.

Kwa kuwa wengi wetu hujenga kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, miti ipandwe kwanza, mara vigingi vya msingi vinapopigwa na mwenye kiwanja ameshatazama kivuli kinaangukia wapi saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Mche uliopandwa siku hiyo utakuwa na kivuli cha kutosha familia itakapohamia. Fundi aonyeshwe kila mche ulipo, na kila mmoja uzungushiwe uzio wa fito kabla lori la kwanza la mchanga na kokoto halijaingia kiwanjani.