Homa: tunayoyaamini na yanayotokea kweli mwilini

"Homa ni ugonjwa." Homa ni kazi ya mwili wenyewe, tena mwili unaifanya kwa makusudi. Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani. Kwa kawaida ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi, pungufu kidogo alfajiri na zaidi kidogo jioni. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hutoa kemikali zinazosafiri kwenye damu, na mwisho wake ubongo hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini inayoiambia haipothalamasi ipandishe kiwango. Tuseme sasa inataka 39 na damu bado ina 37. Ubongo unauona mwili kuwa wa baridi. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi inabana ili joto lisipotee, vidole vinapoa, misuli inatetemeka ili kuzalisha joto. Ndiyo maana mgonjwa anaomba blanketi la pili wakati ukimgusa kifuani anawaka.

"Mfunike gubigubi atoe jasho, homa itatoka nalo." Hapa mambo yamepinduliwa. Jasho humwagika pale haipothalamasi iliposhusha kiwango chake na mwili unahangaika kupunguza joto la ziada. Kumrundikia mtu mablanketi huzuia joto lisitoke, na kwa mtoto mchanga ni hatari kabisa. Anapotetemeka, shuka jepesi linatosha; akiacha kutetemeka, mfunue.

Lakini kwa nini mwili ujisumbue hivyo? Kwa sababu joto husaidia. Vijidudu vingi hustawi vibaya mwili ukipanda joto, na chembe za kinga hufanya kazi upesi zaidi. Mijusi hawawezi kujipasha joto kutoka ndani, bali huota jua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975 nchini Marekani, igwana wa jangwani, aina ya mijusi, waliambukizwa bakteria kisha wakawekwa kwenye viwango tofauti vya joto, na waliokaa kwenye joto la juu ndio waliopona kwa wingi. Kabla ya hapo, mwaka 1917 huko Vienna, daktari Julius Wagner-Jauregg alianza kuwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, akitumaini homa ingewasaidia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927, ingawa baadhi ya wagonjwa waliuawa na hiyo hiyo malaria. Leo hakuna ambaye angeruhusiwa kufanya hivyo, na ni heri.

Hiyo haimaanishi kwamba homa iachwe tu. Hula nguvu na maji ya mwili, na huuchosha moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu anaweza kuzidiwa upesi.

"Ikipita 39, ubongo unaungua." Hofu hii ndiyo inayoamsha watu usiku kumpima mtoto aliyelala salama. Homa ya maambukizi ni nadra kuvuka 41, maana haipothalamasi ina breki zake. Jambo tofauti ni mtu kuzidiwa na joto la nje, kama aliyefungiwa kwenye gari juani. Huyo haipothalamasi yake haikutaka joto hilo, limemshinda tu. Linaweza kweli kuharibu ubongo, na parasetamoli haimsaidii kitu. Yeye ndiye wa kupozwa kwa maji baridi mara moja huku mkitafuta msaada.

Mgonjwa wa homa, kinyume chake, ukimmwagia maji ya baridi atatetemeka na kuzalisha joto jipya. Spiriti ni mbaya zaidi: mtoto huivuta kwa pumzi na kupitia ngozi, ikamlevya na kumdhuru.

"Degedege huja kwa sababu homa haikushushwa mapema." Kati ya watoto 100 wenye miezi 6 hadi miaka 5, wawili hadi watano hupata degedege la homa, na tafiti zimeonyesha kwamba kumpa mtoto dawa ya homa hakulizuii. Mzazi hana haja ya kujilaumu. Mlaze ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, na angalia saa. Mara nyingi linakwisha ndani ya dakika chache bila kuacha madhara. Likipita dakika 5, hiyo ni dharura. Hata likiisha upesi, mara ya kwanza mfikishe hospitali, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huanza hivyo hivyo.

"Dozi kubwa hushusha upesi." Dozi kubwa mno ya parasetamoli inaweza kuua ini, na dalili zinaweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, anapewa mililita 5 zilizopimwa kwa bomba au kikombe cha dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na asome maandishi ya dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani. Aspirini asipewe mtoto. Ibuprofeni iepukwe pale dengue inaposhukiwa, maana huongeza hatari ya kuvuja damu.

Dawa hizi humtuliza mtu ili anywe, ale na alale. Kama ana nyuzi 38.5 na anacheza, hakuna cha kukimbilia. Na homa kushuka baada ya kidonge hakuthibitishi kwamba ugonjwa ni mdogo. Hata homa ya uti wa mgongo inaweza kushuka kwa saa chache.

"Ni malaria tu, meza dawa." Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kupima kabla ya kutibu. Antibiotiki za kubahatisha nazo haziui virusi.

Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Kwa mwingine yeyote, usingoje ukiona shingo ngumu, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa, mkojo kukauka, au madoa ya ngozi yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu waonwe mapema, hata homa ikiwa ndogo.