Anayeharisha Anyweshwe: Maswali na Majibu Kuhusu Kipindupindu

Kila mlipuko una wagonjwa wanaofikishwa kituoni wakiwa hawana tena mapigo ya moyo yanayosikika mkononi. Ukiwauliza waliowaleta, maelezo hayatofautiani sana: kuharisha kulianza usiku, wakasubiri pakuche, wakamnunulia vidonge vya kufunga tumbo, na maji wakamzuia asije akaharisha zaidi. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya saa hizo za mwanzo, na kwa ajili ya kosa hilo la maji ambalo lina umri wa karne mbili.

Kipindupindu ni nini?

Ni ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, ambaye mtu humeza katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kummeza. Wengi walioambukizwa hawaumwi kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini huendelea kumtoa bakteria huyo chooni kwa siku kadhaa. Anayezidiwa hutoa choo cha majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele, hutapika, na mara nyingi hana homa.

Kinaua kwa njia gani?

Kwa kumkausha mtu. Sumu ya bakteria huulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi za damu, na mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Damu inakuwa nzito, presha inashuka, figo zinaacha kutengeneza mkojo. Aliyeamka mzima anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Wagonjwa mahututi wasipotibiwa, hata nusu yao hufa. Wakirudishiwa maji na chumvi mapema, hafi hata 1 kati ya 100.

Nikimpa maji naona anaharisha zaidi. Si bora tumbo lipumzike kwanza?

Hapana. Mpe anywe.

Kuharisha kunaletwa na sumu iliyokwisha kushika ukuta wa utumbo. Sumu hiyo haijali kama mgonjwa amekunywa au hakunywa. Asipokunywa, itayavuta maji yaliyomo kwenye damu. Ukimnyima kinywaji hujapunguza kinachotoka, umezuia kinachoingia tu. Ni kweli kwamba baada ya kunywa ORS (unga wa chumvi na sukari wa pakiti, unaochanganywa na maji) ataendelea kuharisha, pengine kwa siku moja au mbili. ORS haikutengenezwa ili ifunge choo. Inarudisha kilichopotea, na mgonjwa hubaki hai mpaka sumu iishe nguvu.

Na akitapika kila anachokunywa?

Bado mpe. Subiri dakika 10, kisha anza upya kwa kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3. Kinachotapisha mara nyingi ni kumeza kikombe kizima kwa pupa. Hata anayetapika hubakiza sehemu ya alichokunywa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida.

Hili wazo la kumnyima mgonjwa maji lilitoka wapi?

Lilifundishwa na madaktari wenyewe. Kipindupindu kilitoka Bengal, upande wa India, kuanzia mwaka 1817, na ilipofika miaka ya 1830 kilikuwa kimeenea Ulaya. Madaktari wa huko waliwatoa wagonjwa damu kwa wembe, watu ambao damu yao ilikuwa tayari imekauka, wakawapa dawa za zebaki za kuendesha, na wengi wakawakataza maji wagonjwa waliokuwa wakiyalilia.

Ukweli ulikuwa umeshapatikana mapema. Mwishoni mwa 1831 na mwanzoni mwa 1832 kijana aitwaye William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa nchini Uingereza na kukuta imepungukiwa maji na chumvi. Miezi michache baadaye daktari Thomas Latta, mjini Leith, Scotland, alimwingizia mama mzee maji ya chumvi kwenye mshipa. Mama huyo alikuwa amekata kauli. Ilipofika zaidi ya lita 3 katika muda wa nusu saa, macho yaliyozama yakarudi, mkono ukapata joto, akaanza kuzungumza. Latta akaondoka akidhani amepona. Kuharisha kulirudi, hakuna aliyeendelea kumwongezea maji, na baada ya saa tano na nusu akafariki.

Kosa la kumwacha mgonjwa pindi anapofumbua macho linarudiwa hadi leo. Akipata nafuu, watu huweka kikombe chini. Usiweke kikombe chini mpaka kuharisha kukome.

Tiba ya Latta iliachwa kwa sababu ilitumiwa kwa wanaokaribia kukata roho tu, kwa maji yasiyotakaswa, na kwa kiasi kidogo mno. Ilibidi kusubiri karne ya 20 ndipo daktari Leonard Rogers, mjini Calcutta, India, airudishe kwa nguvu na vifo vipungue kwa kiasi kikubwa.

ORS yenyewe ilianza lini?

Mwaka 1959 Sambhu Nath De wa Calcutta alithibitisha kwamba sumu ya bakteria huyu ndiyo inayomwaga maji kwenye utumbo. Wakati huohuo wataalamu wa mwili waligundua kwamba utumbo una mlango unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu haiharibu mlango huo. Ndiyo maana chumvi peke yake haitoshi, na maji matupu hayatoshi. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka kwamba mgonjwa anaweza kutibiwa kwa kunywa mchanganyiko huo.

Jaribio kubwa likaja 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, wagonjwa walilala sakafuni na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza kila lita ya maji itiwe gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Mchanganyiko uliwekwa kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakapewa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka hadi kati ya 3 na 4. Kilichoongezwa pale ni sukari, chumvi, na ndugu aliyekaa na kikombe bila kuchoka.

Pakiti za leo zinafuata kipimo cha mwaka 2002 cha Shirika la Afya Duniani, chenye chumvi na sukari pungufu kuliko cha zamani.

Natengenezaje ORS bila kukosea?

Soma pakiti. Nyingi ni za lita 1, yaani chupa mbili za maji za nusu lita. Nyingine ni za kiasi kidogo. Nawa mikono kwa sabuni, pima maji safi na salama, mimina pakiti nzima, koroga mpaka iyeyuke. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Funika, tumia ndani ya saa 24, kilichobaki mwaga.

Makosa yanayojirudia ni haya. Kumimina pakiti nzima kwenye glasi moja: chumvi inazidi na mtoto anaweza kupata degedege. Kugawa pakiti kwa makadirio. Kuongeza sukari ili mtoto apende, au kuchanganya na soda: sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, na kuharisha kunaongezeka. Kuichemsha baada ya kuchanganya. Chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo utie pakiti.

Kama hakuna pakiti, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Ukikosea hapa, kosea kwa chumvi kupungua, kamwe isizidi. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo nao unafaa wakati pakiti inatafutwa.

Anywe kiasi gani?

Zaidi ya unavyofikiri. Kila baada ya choo, mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apate mililita 100 hadi 200, na mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Hicho ni kiasi cha ambaye bado hajakauka. Aliyeanza kukauka anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4: mtoto wa kilo 10 ni robo tatu ya lita, mtu wa kilo 50 ni karibu lita 4. Glasi mbili tangu asubuhi hazijamtibu mtu.

Dalili zipi zinaonyesha amekauka?

Macho yaliyozama, mdomo mkavu, mtoto kulia bila machozi, utosi wa mtoto mchanga kubonyea, vidole kunyauka, misuli kubana, sauti kufifia, mkojo kukosekana. Finya ngozi ya tumbo uiachie: ikikawia kurudi, hali ni mbaya. Aliyelegea, asiyeweza kunywa au mwenye mapigo yasiyosikika anahitaji dripu sasa hivi. Kituoni atapewa mililita 100 kwa kila kilo. Aliyetimiza mwaka mmoja hupata 30 za kwanza ndani ya nusu saa. Ndugu wakiona dripu zinakwenda mbio wasiogope wala wasizipunguze.

Tusubiri hadi asubuhi tuone?

Hapana. Saa nane za kupoteza hata nusu lita kwa saa ni lita 4. Mtu wa kilo 50 hawezi kuzipoteza lita hizo akabaki salama. Anza ORS dakika hiyohiyo, na safari ya kituoni ianze usiku huohuo.

Vidonge vya kufunga tumbo je?

Visitumike, na kwa watoto ni hatari. Vinauzuia utumbo kusukuma, lakini sumu inaendelea kumwaga maji ndani. Choo kinaonekana kimekoma, familia inatulia, kumbe lita nzima zimejaa tumboni nje ya damu. Mtu anakufa kwa kukauka bila kuchafua shuka. Antibiotiki hupunguza muda wa ugonjwa kwa waliozidiwa, lakini ziandikwe na mhudumu, na hazichukui nafasi ya maji. Watoto huongezewa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa walio chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa wakubwa zaidi.

Wengine wanasema ni hewa chafu, au mtu kafanyiwa jambo.

Habari ya hewa chafu iliaminiwa na wasomi wakubwa wa London hadi katikati ya karne ya 19. Mwaka 1854 ugonjwa uliua watu zaidi ya 600 kuzunguka mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow alizunguka nyumba za marehemu akiuliza wanateka wapi maji, na karibu wote walitumia pampu moja. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani, waliokuwa na kisima chao na bia yao, walinusurika. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la maji machafu, ambamo maji ya kufulia nepi za mtoto aliyeharisha yalimwagwa, halikufika hata mita 1 kutoka kisimani. Na bado kuna viwanja ambamo choo na kisima vinachimbwa hatua chache kati yake. Acheni angalau mita 30.

Mwaka 1892 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu takriban 8,600 wakafa. Altona, mji ulioungana nao, ulichota mto huohuo mahali pachafu zaidi, chini ya mifereji ya Hamburg, lakini ukayapitisha kwenye mchanga. Ukanusurika kwa sehemu kubwa, ingawa watu wa miji hiyo miwili walivuta hewa moja.

Anayeamini jambo jingine hatutabishana naye wakati mgonjwa yuko chini. Ashike kikombe kwanza.

Maji ya nyumbani tuyafanyeje?

Chemsha mpaka yatokote, au tia klorini kwa kipimo cha lebo na usubiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana tope humaliza nguvu ya klorini. Hifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au bomba. Ndoo iliyo wazi, ambayo kila mtu anazamisha kikombe na vidole, huharibu kazi yote. Chanjo ya kunywa ipo na inasaidia (Zanzibar iliitoa Unguja na Pemba mwaka 2009), lakini aliyechanjwa naye achemshe maji.

Akifariki, tunaweza kumwosha na kuandaa chakula msibani?

Mwili uachiwe wahudumu wenye glovu na klorini ya asilimia 2, wakishirikiana na familia na viongozi wa dini. Aliyegusa mwili au nguo zake asiingie jikoni. Chakula cha wengi kiahirishwe.

Kituo kiko mbali, saa tatu kwa pikipiki.

Mnyweshe kabla ya kuondoka, na beba ORS iliyokwisha kuchanganywa: lita 3 kwa mtu mzima, kwa sababu anaweza kuhitaji hata lita nzima kila saa. Simameni kila dakika chache anywe. Asikae peke yake nyuma. Awepo wa kumshika na kumpa kikombe. Chukua ndoo na mfuko wa kinyesi na matapishi, msimwage njiani wala mtoni. Akipoteza fahamu, acheni kumnywesha kwa mdomo asije akapaliwa, mlazeni ubavu, na mpige simu kituoni ili wakute dripu imeandaliwa.